Chini ya Darasa

Saa mbili na robo, Cochabamba. Baridi bado imeshika vitasa.
Wazazi wananikabidhi watoto kama waweka rehani
wasio na hakika ya kukomboa.
Venla, miezi kumi na minane, kamasi mbichi.
Ga-on wa Wakorea, na gari lake la magurudumu matatu
ambalo lilizaliwa na manne.
Mapacha wa mchungaji Oduvaldo, Mbrazili:
kuwatenganisha ni kujitafutia kesi.
Kisha ngazi zinalia, nao wanapanda
na madaftari mapya, na penseli zilizochongwa kupita kiasi,
kujifunza Kihispania
ili mwakani wakamhubiri Kristo milimani kwetu.
Mimi, Nélida, nabaki na vilio.

Dari yetu ni sakafu yao.
Nasikia viti vikiburutwa, mwalimu akigonga ubao,
halafu watu wazima, wenye shahada, wenye ndevu,
wakiitikia kwa pamoja:
mimi ni, wewe ni, yeye ni.
Chekechea iko juu, namwambia mwanasesere.
Huku chini tuna kazi.

Kazi yenyewe: kufuta, kufunga, kufungua, kufuta tena.
Kumega biskuti ya chumvi vipande vinne
kwa haki ambayo hata Suleimani ingemtoa jasho.
Kufumba macho, "Asante, Yesu, kwa maziwa,"
na jicho langu moja liko wazi,
maana Amina ya mapacha huja na kofi.

Wiki hii wamefika kwenye kuwa.
Kihispania kina kuwa mara mbili:
moja ya kisichohama, jiwe ni jiwe;
nyingine ya kipitacho, niko hapa, niko mgonjwa, niko mbali.
Babaye Venla amenisimamisha ngazini, mikono kichwani.
Jana alitaka kusema amechoka,
akajikuta ametangaza, mbele ya darasa zima,
kwamba yeye ni mtu wa kuchosha.
Mkewe hakubisha.

Ningemwambia ashuke akae kwenye kigoda changu.
Venla yuko mlangoni tangu saa mbili na nusu,
kiganja kwenye ubao wa mlango.
Anajua mama ni mama.
Anajua mama hayuko.
Somo zima amelibeba kwenye kidevu,
nacho kinatetemeka.

Basi natandika mbeleko,
ile nyekundu aliyoifuma dada yangu,
namfunga mgongoni, natembea
kutoka dirishani hadi kabatini, kabatini hadi dirishani,
na mdomo wangu unaongea wenyewe.
Kihispania nilikikuta shuleni, kwa fimbo.
Kilichonilea ni Kikechua,
na mgongo haujui lugha nyingine.
Sala yangu ni fupi:
Bwana, huyu si wangu,
nimeazimwa hadi saa sita.

Saa sita anashuka Päivikki, vidole vimejaa chaki.
Venla anamtazama mamaye, ananyosha mkono, anasema:
"Yaku."
Neno lake la kwanza katika bara hili.
Mama anafungua kamusi. Anatafuta kwenye Y.
Ukurasa mmoja, wa pili, anarudi.
"Yaku," anasema mtoto, sasa kwa hasira.
Nami moto unanipanda masikioni,
maana wanalipia Kihispania,
na kwenye karatasi niliyotia sahihi
hakuna mahali palipoandikwa mgongo.

Sikusema kitu. Nilimimina maji kwenye kikombe cha bati.
Venla akanywa mpaka kikombe kikampanda puani.

Päivikki akaketi sakafuni, kati ya vitambaa na makombo.
Akachukua penseli. Daftari lake lina safu mbili,
ni, na niko, zimenyooka kwa rula.
Akaliandika pembeni, nje ya mstari,
herufi kubwa, za kitoto,
kisha akaniuliza, taratibu, akihesabu kila silabi:
na maziwa?

Nyuma yetu Ga-on amelala kifudifudi,
mkono umezama chini ya kabati hadi begani.
Bado anatafuta gurudumu.