Daftari la Masufuria

Ufunguo wa stoo ya sabla ninao mimi,
umefungwa kwa kipande cha leso ya marehemu mama.
Masufuria kumi na mawili, sinia thelathini,
miko minne mirefu kama watoto wa darasa la tatu,
na birika la kahawa lisilo kifuniko
tangu harusi ya Ghusni, na Ghusni sasa ana wajukuu.

Kijiji chetu hakina mengi.
Kina falaji igawayo maji kwa zamu,
nusu saa kwako, nusu saa kwa jirani,
ukichelewa kufungua, hayakungoji,
yanakwenda kumnywesha mtende wa mwenzio.
Kina zahanati ya siku tatu kwa wiki.
Kina duka la Koya, auzaye mkate, betri na sindano,
anayejua nani ana sukari
na kumnyima haluwa kwa adabu.
Kina mashine ya pesa njia panda,
kila Ijumaa huandika: samahani.
Mengine yote tunaazimana.

Mama alianza daftari mwaka tuliorudi,
kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu,
maana Kiarabu cha huku, alisema,
kilikuwa bado kinamcheka.
Waliotukuta walituita watu wa Zinjibari,
wakatupima kwa macho kama wapimavyo kitambaa.
Lakini kila msiba una watu wa kulishwa,
na mama aliujua wali wa watu mia tatu,
usishike, usivurugike.
Wakampa ufunguo. Hakuuomba.

Nikifunua kurasa nasikia sauti yake:

*Namba tatu, kwa Muzna, arubaini ya mumewe. Imerudi safi.*
*Namba tano, kwa Thuwaini, harusi ya mwanawe. Imerudi na kishimo. Kasema ni punda.*
*Namba moja, bokoboko la Idi, kwa vijana. Imerudi na masizi. Nimesugua mwenyewe. Nimenyamaza.*

Na hii, kwa wino mwekundu:
*Namba saba, kwa Zayana. Bado.*

*Bado* hiyo ina umri wa miaka thelathini na moja.
Mama hakudai. Zayana hakuleta.
Walisalimiana kila alfajiri kwenye falaji,
hujambo, sijambo, watoto hawajambo,
na sufuria imekaa kati yao,
hakuna anayeitaja.

Siku hizi manispaa imetujengea ukumbi,
una viyoyozi, una viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe.
Chakula kinakuja na gari kutoka Ibra,
kila mtu na kibati chake.
Hakuna anayekoroga, hakuna anayeonja chumvi,
hakuna wa kulaumiwa.
Ufunguo wangu umeanza kuota kutu.

Zayana amekufa Shaabani hii.
Nilikwenda, nikakaa zuliani na wanawake wenzangu,
kisha nikatoka uani kunawa,
na pale, chini ya dirisha la jiko,
namba saba.
Rangi nyeupe aliyoipaka mama bado inasomeka.
Kitako kina tundu pana la kutu.
Ndani mrehani, umenona, umemwagika nje ya ukingo,
ua mzima unanukia.

Binti yake akaniona, akainamisha uso.
"Ilitoboka ikiwa kwake, siku ile ile ya kwanza.
Akawa anaweka pesa anunue nyingine.
Alipozipata, akaona haya ya kuchelewa."
Akavunja tawi, akanitia mkononi.
Kwetu chombo hakirudi kitupu,
hata kisiporudi.

Usiku nikafungua daftari,
chini ya mwandiko wa mama nikaandika, kwa herufi zangu mbovu:
*Namba saba. Imeazimwa na mrehani. Haidaiwi.*

Wino haujakauka, simu ikalia. Koya.
Wafanyakazi wa mashambani wanataka kufuturu pamoja mwezi huu,
je, sabla ina sufuria?
Wangapi? nikauliza.
Thelathini na wanane, labda na dereva wa basi la shule.
Namba tatu, nikamwambia.
Na usiisugue kwa mchanga.