Mbona Wewe Hunwi?

Nakiri mapema, kabla sijamshauri mtu:
mimi ndiye niliyewapaka ndimi rangi.
Miaka kumi na mmoja mbele ya skuli, hapa Langoni,
kigoda changu na ndoo yenye mfuniko,
nawauzia wana wa watu sharubati nyekundu
ambayo haijapata kukutana na tunda.

Siri yake fupi. Maji ya mfereji, lita ishirini.
Rangi, kijiko. Barafu, pande moja.
Sukari, mimina mpaka mwiko ugome.
Kikombe shilingi kumi.
Kengele ya saa nne ikilia sioni nyuso, naona viganja.
Famau hunywa viwili, cha tatu hukopa.
Tima hupiga funda, hufumba mato,
kisha darasani husinzia juu ya hesabu za kugawanya.
Nikasema: biashara ni biashara,
kila mwenye jino na alilinde lake.

Sasa sikiliza. Jumatatu, jua limesimama utosini,
nikatoa chupa chini ya kigoda,
chupa kuukuu ya siki niliyoisugua kwa mchanga,
ndani mna maji.
Nikanywa.
Bunu wa darasa la pili, mwana wa fundi mifereji,
mapengo mawili mbele,
kasimama na kumi yake, haitoi.
"Bi Zulekha, sharubati yako tamu?"
"Tamu, mwanangu. Hujaonja?"
"Mbona wewe hunwi?"

Ulimi wangu, ulionadi miaka yote hiyo, ukalala.
"Mimi nina sukari. Daktari kanikataza."
Akaitazama ndoo. Akanitazama.
"Na hii yetu tukishainwa, huenda wapi?"

Usiku ule nilihesabu mauzo mara tatu, hayakutimia,
ingawa haikupungua hata senti.

Asubuhi nikautoa mtungi wa marehemu mama,
nikaufukiza ubani kama alivyozoea,
nikaujaza maji niliyoyachemsha usiku,
nikafunika kwa kawa, kata juu yake.
Maji bure.
Siku ya kwanza hakuja mtu ila punda wa Kupi,
kreti sita za soda mgongoni,
akanyoosha shingo, akauelekea mtungi.
Watoto wakacheka. Mimi sikucheka:
punda huyo kabeba soda tangu ujana wake
na hajawahi kuniuliza bei.

Siku ya pili, Famau.
"Yana rangi gani?"
"Hayana."
"Na ladha je?"
"Kimbia mpaka gatini urudi, kisha uniulize."
Alikimbia. Aliporudi hakuuliza.

Nisiwadanganye, ndoo nyekundu ingalipo;
kodi ya nyumba hailipwi kwa ubani.
Lakini sasa huijaza nusu,
na ukija kwangu nitakwambia lile nililolificha:
kiu ni ya maji, tamaa ni ya rangi,
msiziite kwa jina moja.
Anza na kata. Ukishamaliza, kama bado waitaka ile,
kumi yako naipokea.
Wengi hawaitoi tena. Huvuka njia wakanunua bajia
kwa Bi Mwanaidi, ambaye hatukuwa tukisemezana,
na siku hizi ananiletea za moto.

Jana Bunu alikunywa kata mbili,
akajifuta kwa mkono wa shati,
akamgeukia Famau, akautoa ulimi wote nje:
rangi yake mwenyewe.