Daftari la Refa Makhandia

Jumamosi saa tisa, uwanja wa chini ya reli, Webuye,
tunacheza na Koru Shujaa.
Pointi moja tu, tubaki ligini.
Tukiikosa, mwakani ni sisi na timu ya wapasua mbao.

Barua imefika Alhamisi, imekunjwa mara nne:
mwamuzi wa kati, Kizito Makhandia.
Kocha Wafubwa akaisoma, akaketi juu ya ndoo.
"Mama Situma," akasema, "leta daftari."

Daftari ni langu. Kurasa tisini na sita,
jalada la nyuma lina jedwali la kuzidisha.
Mimi ndimi katibu, mhasibu, mfua jezi,
na marefa wote wa kanda hii nimewaandika humo kwa penseli,
maana watu hubadilika, na penseli ina huruma.

Makhandia, ukurasa wa kumi na saba.
Mechi kumi na nne.
Njano hamsini na mbili. Nyekundu tano.
Penalti saba: sita kwa wenyeji, moja kwa wageni.

Kocha akaweka kidole pale kwenye sita.
"Na Jumamosi wenyeji ni nani?"
Uso ukamkunjuka. Mwamba ngoma, akasema,
akaniachia mimi niimalizie.

Sikuimalizia. Hiyo sita, nikamwambia, ina watu ndani.
Mbili ni za Malava, beki wao mmoja
aliudaka mpira kama anayedaka kuku wa wageni,
akaachiliwa, akaudaka tena.
Mbili za Lugulu, hata waliofungwa walinyamaza.
Ya Kimilili ilikuwa mvua: kipa aliteleza
akamzoa mshambuliaji pamoja na tope.
Ya Chwele sijui. Nimeandika, "jua machoni?"

Na ile moja ya wageni
ni dakika ya themanini na tisa, Misikhu, kijijini alikozaliwa,
shemeji yake akiwa golini.
Walimtorosha kwa pikipiki ya muuza maziwa,
amejikunja katikati ya madebe.

Nyekundu ya tatu ni ya mwanangu.
Siku hiyo nilimtukana Makhandia kwa Kibukusu,
nikaishiwa, nikaendelea kwa Kiswahili.
Usiku nikamuuliza Situma, ulimkanyaga yule kijana?
Situma akamega ugali, akatazama mboga.

Kuna jambo halimo daftarini,
na Kocha analijua, ndiyo maana hanitazami.
Miaka miwili iliyopita, bahasha, elfu mbili, pesa za jezi.
Mkono mtupu haulambwi, aliniambia, nenda.
Nikamkuta Makhandia nyuma ya choo cha shule
akifunga kiatu kwa kipande cha katani.
Akaitazama bahasha kama mtu anayesoma saa.
"Wachezaji wamekula?"
Wamekunywa chai, nikasema.
"Basi wanunulie mandazi."
Tulifungwa tatu bila.
Bao la pili, naapa, lilikuwa la kuotea.

"Kwa hiyo," Kocha akauliza, "yuko upande gani?"
Nikafunga daftari.
Huchelewa kupuliza, nikamwambia. Huhesabu moja, mbili, ndipo kipenga.
Waambie vijana wasisimame kuinua mikono.
Wakianguka, waamke.
Hilo ndilo tu ninalolijua, kwa mechi kumi na nne.

Jumamosi akaja kwa miguu kutoka stendi,
mkoba begani, soksi moja imeshuka.
Bomba la kiwanda nyuma yake halikutoa moshi,
kama kawaida yake siku hizi.
Akapita mbele ya benchi letu, akaona penseli.

"Bado unaandika, Mama Situma."
Bado.
Akatembea hatua tatu, akageuza shingo tu.
"Ile ya Chwele," akasema, "haikuwa penalti."

Akaenda katikati, akarusha sarafu.
Nikafungua ukurasa wa kumi na saba,
nikatafuta kifutio, nikakipata, nikakishika.
Kikalia kipenga.