Daftari

Duka la Kuze lafungwa Alhamisi.
Mizani ishauzwa; rafuni imebaki miduara ya mikebe.
Harshad ameniita kupitia dirisha la mbele,
hata salamu hakuitoa: "Ingia. Bibi yako yumo."

Yumo daftarini. Chini ya meza, ndani ya boksi la biskuti,
jalada jekundu, refu kama mkono wa kanzu,
limezungushwa uzi mara nyingi,
utadhani madeni yangeweza kutoroka.

Neno hili nililidhani letu.
Kisha Bawazir, kinyozi wa mlango wa pili, akaniambia ni lao,
walikuja nalo kutoka Hadhramaut wakiwa hawana hata kalamu.
Kwa kina Harshad lipo, ila ni mkoba wa shule;
kitabu cha hesabu kina jina jingine, la kutajwa usiku wa Diwali.
Babake alilibadilisha akifika dirishani,
kama mtu avuavyo viatu mlangoni mwa watu.
Nilipokuwa karani bandarini, mhandisi wa meli ya Kituruki
alikinyooshea kidole kitabu changu cha zamu: "Defter."
Tukacheka, na maneno yakatuishia papo hapo.
Na Mwalimu Swafiya, asiyekosa la kuongeza,
asema kwa Wagiriki mwanzo lilikuwa ngozi,
ngozi tu, kabla mtu hajaandika chochote.

Ukurasa wa arubaini na moja.
Herufi za Kigujarati, zimejikunja kama maganda ya kitunguu,
Harshad mwenyewe azisoma kwa kidole, polepole:
Manjabu. Ndivyo babake alivyomsikia Mwanajabu.
Nusu mche wa sabuni. Kibaba cha mchele. Chupa ya mafuta ya taa.
Shilingi nne, senti thelathini. Mwaka sabini na moja.

Pembeni pana doa la rangi ya kutu.
Bibi hakuamini maandishi asiyoyajua.
"Ngoja, na mimi niandike langu,"
akakigandamiza kidole chenye hina mbichi.
"Mwezi ukiandama n'takulipa."

Umeandama mara mia sita na ushei.

Natoa sarafu ya tano. Harshad aisukuma:
hili limezeeka, asema, liache life.
"Kwetu deni la maiti halifi."
Anaitazama. Anaichukua.
Kisha mkono wake, kwa mazoea, waingia kwenye droo
kutafuta chenji,
na droo ina sindano moja na vumbi la bizari.
Senti sabini. Nani ana senti sabini siku hizi?

Basi aifungua kalamu,
na chini ya kidole cha bibi, kwa Kiswahili,
kwa herufi kubwa za mtu asiye na haraka,
ajiandika mwenyewe:
Harshad. Senti sabini. Nadaiwa.

Nje mkokoteni wangoja, mwenyewe agonga ubao.
Uzi hakuurudisha.