Taa ya Mkia

Manispaa ilitupa rangi iliyobaki bwawa la kuogelea,
madebe tisa ya buluu na moja la njano lililoanza kuganda,
ikasema: chorea stesheni reli yetu, watu wakumbuke.
Mimi nilikuwa mshika ngazi.
Ndiyo maana historia yote ya Tres Sauces ni ya buluu:
moshi buluu, ng'ombe buluu,
hata ngano, waliyoipakia babu zetu hadi migongo ikapinda,
imesimama ukutani kama mvua iliyokataa kunyesha.

Mchoraji ni Ailín. Ana miaka ishirini na mitatu,
hajawahi kupanda treni.
Magurudumu alijifunza kwa kuyapapasa
yale mawili yaliyozama nyasini nyuma ya ghala,
akarudi na kutu viganjani, akaanza.

Alimchora Ramona Iturbe, mlinda kivuko,
bendera mkono mmoja, mkono wa pili mtoto anayenyonya.
Alichora dirisha la tiketi lenye mkono tu, bila uso,
kwa kuwa kila aliyeulizwa aliukumbuka mkono:
kidole cha pete hakina kucha.
Alichora mataruma ya mti mgumu wa kaskazini,
moja moja, mia na arobaini,
mpaka nikamwambia basi,
naye akajibu bila kugeuka:
walioyatandika walichoka zaidi.

Don Evaristo Lencina alikuja kila alasiri na kiti chake
na kibuyu cha chai chungu, akiifyonza kwa mrija wa bati.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtu wa ishara.
Hakusifu. Alikagua.
"Behewa la nne, bawaba ziko upande usio wake."
Ailín akashuka, akafuta, akapanda.
"Kengele haining'inii hapo."
Akafuta.
Nami nikashika ngazi, nikimtukana kimoyomoyo.

Ikabaki treni ya mwisho,
ile ya Machi, iliyoondoka na mabenchi yetu, na saa, na kengele yenyewe.
Ailín akachovya brashi katika nyekundu,
kikombe kimoja tu, alichonunua kwa pesa zake,
aiwashe taa nyuma ya behewa la mwisho.

"Acha!"
Mzee alikuwa amesimama. Kiti kilikuwa kimeanguka.

Akatueleza taratibu, kama anayesoma kanuni:
taa ya mkia si pambo.
Treni ikipita, mtu wa ishara hashughuliki na kichwa,
kichwa hujitangaza chenyewe kwa kelele.
Yeye hungoja mkia.
Akiiona nyekundu anajua treni ni nzima,
hakuna behewa lililokatika likabaki gizani,
ndipo huandika kitabuni: imepita, njia huru.

"Ile haikuwa na taa.
Waliisahau, au waliiuza, sijui.
Nilisimama na kalamu mpaka kukacha.
Sikuandika kitu."

Upepo ulipita, ukaacha vumbi kwenye rangi mbichi.
"Kwa hiyo?" akauliza Ailín.
"Kwa hiyo bado inapita."

Hakuna aliyecheka.
Mbwa wa mwokaji mikate alivuka tuta,
pale reli zilipong'olewa zamani zikauzwa kwa kilo,
na naapa alitazama kulia, kisha kushoto.

Siku ya uzinduzi wakaja na utepe, na tarumbeta mbili.
Diwani akagusa mahali pale patupu,
tofali tupu, upana wa kisosi,
akauliza kama rangi ilituishia.
Ailín akasema ndiyo.

Kikombe kiko kwangu, juu ya kabati.
Nyekundu imekauka, imebanduka,
ukikitikisa inagonga kama njugu.
Na usiku nikirudi kutoka kazini,
mikono mifukoni, sina haraka, sina hata imani,
nikifika tutani nasimama kwanza.