Mgongo wa Korongo

Duka langu linatazamana na stendi ya mabasi, Hwacheon:
mlango wa kioo, jiko la makaa ya mawe, cherehani mbili,
moja mbovu, ya marehemu, moja nzima.
Vijana hushuka na vichwa vilivyonyolewa jana,
shati mkononi, nembo mfukoni.
"Mama, basi linaondoka baada ya dakika kumi."
Dakika kumi! Nimeshona jeshi zima kwa dakika kumi kumi.

Korongo mweupe juu ya milima mitatu,
ndiyo iliyokuwa nembo ya divisheni yetu.
Maofisa walisema korongo ni subira,
milima ni mpaka,
na uzi mwekundu wa pembeni ni damu ya waliotangulia.
Asiyejua maana haambiwi maana.
Mimi namjua korongo kwa mgongo wake,
kule ambako nyuzi zimevukana ovyo, vifundo vimevimba,
huoni bawa, huoni mlima,
na upande huo ndio unaolala karibu na mkono wa mtu.

Namjua pia kwa umri.
Wa kuruta mweupe kama mchele, kingo zinakwaruza.
Wa koplo amegeuka maji ya kuoshea mchele.
Wa sajini amekatika ncha,
kashikizwa kwa uzi wa buluu, mwenyewe hana habari.
Kisha siku ya mwisho wanakuja wakicheka, wanataka chura:
hivyo ndivyo wanavyoiita beji ya kumaliza utumishi,
maana chura hutoka majini akaishi nchi kavu.
Chura hashonewi ambaye hajamaliza.
Mume wangu aliiandika sheria hiyo kwa wino mzito.
Ingali ukutani.

Mwezi wa pili, theluji imefunga barabara,
aliingia mwanamke kutoka Gunsan
na shati lililokunjwa kama bahasha.
Noh Byeong-seop, kifuani.
Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja, alisema.
Sikuuliza kilichozila.
"Mshonee chura."

Nilitazama ukutani.

Korongo wa begani alikuwa amekaa upande,
nikamfumua kwanza nimnyooshe.
Chini yake kitambaa kilikuwa kijani bado,
kijani cha dukani, kisichowahi kuona jua,
chenye umbo la ngao.
Mama akakiwekea kidole.
Akakaa hivyo.
Alipokitoa, nilimrudisha ndege mahali pake,
na chura nikamshona kwa mkono, mishono midogo,
ile ninayowawekea maharusi.
Alihesabu noti moja moja. Akakataa punguzo.

Sasa divisheni imevunjwa. Barua moja, mihuri miwili,
malori yakashuka kusini siku tatu mfululizo.
Nimebaki na korongo mia tatu na arobaini
ndani ya kopo la biskuti.
Mjukuu wangu kabandika mmoja kwenye begi la shule;
mwalimu wake akauliza hiyo ni timu gani.
Mwingine nimemkunja mara nne
nikamweka chini ya mguu wa cherehani, ule mfupi.
Haitikisiki tena.