Gati la Pili, Dukum

Manowari iliingia Jumanne, kijivu juu ya kijivu,
ikakalishwa juu ya magogo kama mgonjwa kitandani,
maji yakanyonywa, tumbo likabaki wazi:
chaza, kutu, mwani wa bahari za watu.
Mimi nashika daftari. Fundi Pyo anashika tochi.
Upepo wa kharifu unatia mchanga hadi ndani ya chai.

"Huyu namjua," akasema, kwa Kiarabu chake cha miaka tisa,
akaigonga meli mara mbili kwa kifundo cha kidole,
kama mtu anayebisha hodi kwa mdeni wake.

Kwao palikuwa na mpunga.
Kijito, daraja la mbao, mti wa matunda ya rangi ya machweo.
Wageni walikuja kulinda, na kweli walilinda:
ua wa waya, taa kali usiku kucha
hata mpunga ukasahau kulala, ukagoma kuzaa.
Mamake alilipwa hundi. Hundi hailimiki.
Kaburi la babu sasa limo ndani ya ua, kando ya njia ya ndege,
na ruhusa ya kwenda kulifagia huombwa kwa fomu,
kwa lugha ambayo babu hakuijua.

Nikamwambia: bibi mzaa mama alizaliwa Masira.
Ndege za Waingereza zilimwamsha kabla ya muadhini.
Alikuwa akisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone;
huyu wetu lakini amekuja na kitanda chake."

Dal-ho, mwanawe, miaka ishirini na miwili, humtumia video:
uwanja umejaa mishumaa, theluji, ngoma,
bendera mgongoni kama mbeleko.
Nchi yetu, wanasema, kwa mikono yetu.
Pyo huitazama mara tatu, machozi yakimlenga.
Mara ya nne huisimamisha palepale
penye bango dogo, pembeni,
linalowataja wake walioolewa kutoka Vietnam.
Shemeji yake katoka huko.
Mtoto wake shuleni huulizwa atarudi kwao lini.

Hapo nilinyamaza. Swali hilo nalijua.
Baba aliitwa Mmanga kule Unguja
hadi usiku alipokimbia, viatu mkononi;
Maskati wakamwita Mzinjibari
hadi siku tuliyomzika.

Siku kumi na moja tulichomelea.
"Huwapendi, na unawatibu?"
"Ada ya Dal-ho," akajibu. "Mkono utupu haulambwi."
Methali nilimfunza mimi, kuiharibu kaiharibu mwenyewe.
Tulicheka mpaka Rofikul, mpiga rangi, akachungulia.

Usiku wa mwisho Pyo aliingia ndani ya tangi la uzani
akaandika, kwa chaki ya mafundi,
jina la kijiji ambacho ramani hazikitaji tena.
Herufi tatu za mraba, kubwa kama madirisha.
Kesho Rofikul atazipiga rangi, mara mbili, kijivu,
nazo zitasafiri gizani chini ya viatu vyao,
bandari hata bandari.

Akaninyoshea chaki. "Na wewe?"

Nilisimama. Unguja? Masira?
Mahali fulani maji yalidondoka, tone, likakawia, tone.

Fomu niliisaini: hakuna kasoro.
Chaki ingali mfukoni mwa abaya yangu.
Kila nikitafuta ufunguo wa gari
vidole hutoka vyeupe.